Neno moja na moto: «isiyoungua»

Nilipofasiri karatasi ya Kifaransa kuhusu bustani za nyumbani, niliandika «mimea isiyoungua». Nkambo wangu, anayeishi kando ya pori la miombo karibu na Lubumbashi, aliniuliza: «Mjukuu wangu, mti gani hauungui?»

Alisema kweli. Mshubiri wa kwetu hukawia kushika moto kwa sababu majani yake manene yamejaa maji. Lakini yale ya chini yaliyokauka huwaka kama nyasi. Mwezi wa tisa, pori likiwa kavu, anayeliamini neno langu hatayaondoa.

Sasa naandika «mimea isiyoshika moto upesi», kisha naongeza: ondoeni majani makavu, na kando ya ukuta pabaki udongo mtupu. Kiambishi «-si-» peke yake hukana kabisa. Kielezi «upesi» humkumbusha mwenye nyumba kwamba hatari bado ipo.