Kuhamisha Karakana ya Useremala kutoka Pemba hadi Bara: Kipi Kipande Meli, Kipi Kibaki

Fundi seremala anayehama Pemba kwenda bara huanza kwa kuuliza meli gani na nauli kiasi gani. Swali hilo lisubiri. La kwanza ni kipi, kati ya vyote vilivyomo bandani, kinastahili kuvushwa bahari. Karakana nyingi za nyumbani, ziwe Wete, Chake Chake au Mkoani, zina mali ya aina tatu: vyuma, yaani mashine na zana za mkono; mbao zilizolazwa juu ya mihimili zikingoja kazi; na meza ya kufanyia kazi, ambayo watu wanne huihamisha kwa kugombana. Ushauri wa makala haya ni kwamba vyuma uvichukue, mbao uziuze, na meza umwachie atakayebaki bandani. Wengi hufanya kinyume chake, kwa sababu mbao zinauma kuziuza na vyuma vinaonekana ni vya kununulika popote.

Tazama uzito kwanza. Mita moja ya ujazo ya mvule au mtiki uliokauka ina kilo 650 hivi, na mkongo hufika kilo 800. Ubao mmoja wa mvule wa inchi 2 kwa 8, wenye urefu wa futi 12, unakaribia kilo 25. Arobaini za namna hiyo ni tani moja, na hujapakia hata nyundo. Tani hiyo italipiwa gari mpaka gatini, italipiwa mahamali wa kupakia, italipiwa meli, italipiwa wachukuzi wa upande wa pili, kisha lori. Ukijumlisha utaona kwamba mbao umezinunua upya kabla ya kuzipiga randa.

Halafu kuna sheria. Misitu si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake Na. 10 ya mwaka 1996 ya uhifadhi wa misitu, na bara kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbao zikitoka kisiwani zinataka kibali cha idara ya misitu ya huku; zikishashuka bara, mkaguzi wa kizuizini ana haki ya kudai hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kumwambia kuwa ulizinunua kwa fundi mwenzako miaka sita iliyopita hakumsaidii, kwa kuwa hana pa kuliandika neno hilo. Kama una vipande vichache usivyoweza kuachana navyo, pengine nguzo ya mlango wa nakshi aliyoichonga babu, viombee kibali mapema na uvisafirishe vikiwa na karatasi zake. Samani mpya ulizotengeneza kwa ajili ya kuuza nazo ziulizie kabla ya safari.

Sababu ya tatu ndiyo isiyofikiriwa, nayo ndiyo inayoharibu kazi. Mbao haikauki ikamaliza. Hukauka mpaka ikalingana na hewa iliyoizunguka, kisha inapanda na kushuka pamoja na hewa hiyo. Pemba ni kisiwa cha mvua na unyevu wa bahari, na mbao iliyokaa bandani Konde au Chake mwaka mzima hubaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ukiipeleka Dodoma, ambako kuanzia Mei mpaka Novemba karibu hakuna mvua, hiyo hiyo itashuka hadi asilimia 10 au chini yake. Inaposhuka inasinyaa, na haisinyai sawa: upande unaofuata duara za mti hupungua karibu mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda ganda. Ndiyo maana hupinda. Ubao wa upana wa sentimita 30 unaweza kupoteza milimita 3 au zaidi. Kwenye mlango wa kabati milimita 3 ni pengo la kupitisha mende.

Meza yako nayo ni mbao. Ikiwa juu yake umeunganisha vipande vipana vya mwembe au mfenesi na kuvikaza kwa gundi na misumari pande zote, itapasuka huko ikijaribu kusinyaa bila nafasi. Iachie karakana. Vitoe tu vyuma vyake: jiriwa, parafujo ndefu, vishikio. Hivyo vinafungwa juu ya meza mpya kwa siku moja. Anayehamia Tanga au Dar es Salaam hana shida kubwa hivi, maana bado yuko pwani. Anayekwenda Dodoma, Singida au Shinyanga asibishane na hewa.

Kabla ya kufunga kitu, malizia kazi za watu. Fundi anayeondoka kisiwani na arubuni ya mtu hufuatwa na jina hilo hadi bara, maana Wapemba wako kila soko. Kazi usiyoweza kuimaliza mkabidhi fundi mwingine mbele ya mwenye kazi, pamoja na fedha zake.

Kisha andaa karatasi. Nenda kwa sheha upate barua inayosema kwamba unahama na kwamba zana ulizonazo ni zako na zimetumika. Andika orodha ya kila kitu: jina, idadi, namba ya mashine iliyopigwa kwenye kibati, na mwaka ulipoinunua. Ambatanisha risiti zilizopo. Kwa zisizokuwepo, piga picha ya zana ikiwa bandani na alama zake za kuchakaa zikionekana. Toa nakala tatu au nne. Mizigo kati ya Zanzibar na bara hupita mbele ya maofisa wa forodha, na zana za fundi zilizotumika ni jambo jingine kabisa mbele yao kuliko bidhaa mpya za kuuza. Mashine iliyo ndani ya katoni yake ya dukani inaonekana bidhaa mpya hata ukiapa. Itoe humo. Nenda gatini siku chache kabla, uonyeshe orodha, uulize kinachotakiwa na kama kuna cha kulipa. Maswali hayo ni mepesi meli ikiwa haijafika.

Biashara nayo ina karatasi zake. Jina la biashara lililosajiliwa Zanzibar kwa BPRA halikupi usajili wa BRELA, na leseni uliyofanyia kazi Pemba haifanyi kazi bara. Huko leseni hutolewa na halmashauri ya mahali. Anza maombi hayo kabla ya kupanga fremu.

Sasa vyuma. Adui wa safari hii ni chumvi, na chumvi haihitaji wimbi likurushie maji; upepo wa bahari unatosha. Toa randa zote visu, vifute kwa kitambaa kikavu, paka grisi nyepesi au oili safi, kisha vifunge kimoja kimoja kwa gazeti na kitambaa. Usifunge chuma kwa plastiki kikiwa na unyevu, maana mle ndani kitatoa jasho na utakifungua kina kutu. Ncha za patasi zivalishe vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Meno ya msumeno yaingize kwenye mpira wa bomba uliopasuliwa kwa urefu. Tupa zitenganishe, zikigusana njia nzima zinanoana zenyewe mpaka zote zife. Mawe ya kunolea yalaze kwenye kijisanduku chake, kwani hamali akiliangusha moja ndilo limekwisha.

Masanduku yatengeneze mwenyewe kwa plaiwudi na vipande vilivyobaki, na uyapime yawe saizi ya shubaka, ili ukifika uyasimamishe ukutani yawe rafu. Sanduku lililojaa lisizidi kilo 30. Hamali mmoja analibeba peke yake bila kuliburuta, na kinachoburutwa ndicho kinachovunjika. Namba iandikwe pande zote, pamoja na jina na simu yako, kwa rangi isiyotoka kwa maji.

Pemba ina tahadhari yake nyingine. Kwa miaka mingi mnunuzi wa karafuu kisiwani amekuwa Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, na ulinzi dhidi ya magendo ya zao hilo ni mkali. Gunia lililobeba karafuu halipotezi harufu yake. Ukiviringishia kerezo yako magunia hayo, usishangae ukiamriwa kufungua kila sanduku gatini mbele ya watu.

Mashine kubwa, ya kupigia randa au ya kuchania, ipige picha kila upande kabla ya kugusa skrubu. Ondoa mota, mkanda na kiti cha visu, visafiri peke yake. Skrubu za kila sehemu zitie kwenye kifuko na kukifunga hapo hapo zilipotoka. Meza ya chuma cha kalibu ni nzito lakini hupasuka ikigongwa, kwa hiyo waonye wabebaji waishike kwenye tako la mashine na kamwe wasiibebe kwa kingo za meza. Ikiwa mashine inaendeshwa kwa injini, toa petroli au dizeli yote na uache tangi wazi likauke. Vanishi, tina na spiriti usipakie hata chupa moja. Wagawie jirani.

Vigezo na vielelezo ni mali ambayo haina uzito na ambayo hainunuliki. Michoro ya nakshi za milango, vipimo vya miguu ya vitanda, violezo vya kibao cha mbuzi: vichore upya kwenye karatasi nene au plaiwudi nyembamba, vipige picha, na uvibebe mkononi mwako. Msumeno ukipotea utanunua mwingine.

Kwa njia, meli za kubeba magari na mizigo hutia nanga Mkoani, na huko ndiko anakopitia anayekwenda Dar es Salaam kupitia Unguja. Anayekwenda Tanga au mikoa ya kaskazini ana njia fupi zaidi, maana Pemba iko kama kilomita 50 tu kutoka bara, ila mlango wa bahari hapo una kina kirefu na mkondo wenye nguvu. Jahazi linafaa kwa masanduku ya zana za mkono, lakini mashine yenye mota sishauri ikae kwenye ngama. Bandari bubu usizikaribie kabisa: mzigo halali ukipita njia ya magendo unageuka magendo. Msimu mzuri ni maleleji au kaskazi iliyotulia. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na kusi inapovuma katikati ya mwaka, subiri ukiweza, na usome utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku ya safari.

Uzito wa mzigo utaje kwa ukweli. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imezidisha abiria na mizigo, na mamia ya watu walipotea. Mtu anayepunguza kilo kwenye karatasi ili apunguze nauli anamdanganya nahodha. Bima ya mizigo ipo, na kwa mashine za bei kubwa ulizia Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni nyingine yenye leseni.

Ukifika, usiwashe kitu siku hiyo. Umeme ni ule ule, volti 230, tena Pemba yenyewe tangu 2010 inapata umeme wake kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kitakachobadilika ni mita, kutoka TUKUZA kwenda LUKU. Lakini mota iliyovuka bahari huenda imeingia unyevu. Ifungue, ikae kwenye hewa kavu, na fundi umeme aipime kabla ya kuiunganisha. Kwa mota ya njia tatu, iwashe mara moja ikiwa haina mkanda wala kisu, utazame inazunguka upande gani. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi inazunguka kinyume, na msumeno unaozunguka kinyume ni hatari. Fundi umeme akibadilisha nyaya mbili tu, imekwisha.

Mipini ya nyundo, tezo na shoka italegea bara kavu. Dawa ya haraka inayotumika kila mahali ni kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nayo ni dawa mbaya: mpini unavimba, unajibana ndani ya chuma, nyuzi zinasagika, na ukikauka tena unalegea kuliko mwanzo. Subiri wiki tatu au nne usinyae hadi mwisho wake, kisha upige kabari mpya.

Kwa mbao, utakuta soko jingine. Bara sehemu kubwa ya kazi za bei nafuu ni paini, nyingi ikitoka shamba la Sao Hill huko Mufindi. Ni laini, nyepesi, na mara nyingi huuzwa mbichi. Nunua chache, zipange kwa vijiti kati yake ndani ya chumba utakachofanyia kazi, uziache zizoee. Kabati la kwanza la mteja wa bara usilikubali kabla mbao hizo hazijakauka, hata akikupa fedha zote mkononi.