Babu Aliyelelewa na Mapadre: Kumtafuta Mhenga Aliyetekwa



Somo hili lilianzia nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hapa Kivukoni, baada ya misa ya asubuhi. Nilikuwa naelekea kituoni nikaitwa: "Frateri, mwanangu, nisubiri." Alikuwa mama wa makamo, muuza vitenge Kariakoo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Kijana wake anataka kuoa. Washenga walipopeleka barua ya posa, wazee wa upande wa pili waliuliza kabila na asili. Wakajibiwa kuwa babu wa babu alilelewa na mapadre, kwao hakujulikani. Mzee mmoja akasema, "Basi hao ni watu wa kununuliwa." Mama alitaka kujua kama vitabu vya Kanisa vinaweza kumwambia lolote.

Nilimwomba muda nisome. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata, na naamini si yeye peke yake anayeyahitaji.

Parokia nyingi za zamani za ukanda huu zina Wakristo wa kwanza waliokuwa watumwa waliokombolewa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watoto na watu wazima, wakawaozesha, wakawajengea kijiji chao. Misheni mpya zilipofunguliwa bara, kama Mhonda mwaka 1877, familia za kijiji hicho zilihamia huko na kuwa msingi wa parokia. Upande wa Dar es Salaam, Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, nao walipokea watoto waliotolewa utumwani. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa na wamisionari watatu wakauawa. Kanisa Kuu ambalo mama huyu alikuwa ametoka kusali lilijengwa na Wabenediktini hao kati ya mwaka 1897 na 1902.

Kwa hiyo "alilelewa na mapadre" ni kauli yenye anwani. Ugumu ni kurudi nyuma ya siku aliyofika misheni.

Mfano ninaoupenda ni wa Chengwimbe. Alizaliwa karibu mwaka 1847 katika nchi ya Wayao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupakiwa jahazini. Manowari ya Kiingereza ililikamata jahazi hilo. Hakurudishwa kwao, kwa maana nani angejua kwao ni wapi? Alipelekwa Aden, kisha Bombay, akasoma katika shule ya wamisionari wa Kianglikana huko Nasik, India. Alipobatizwa akaitwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana sita wa Nasik waliopelekwa bara kumsaidia Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873, alikuwa katika msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Baadaye aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Sasa jiweke mahali pa mjukuu. Ukifungua kitabu cha ubatizo na kumkuta Matthew Wellington, jina hilo litakupeleka Uingereza, wala si nchi ya Wayao. Njia ya kurudi kwa Chengwimbe haikufunguliwa na rejista. Ilifunguliwa na yeye mwenyewe, kwa kusimulia uzeeni, na mtu akayaandika mwaka 1930 kabla hajafa.

Huko huko Mombasa, katika makazi ya Freretown yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu kama hao, mwalimu James Mbotela alifanya kazi hiyohiyo kwa ajili ya baba yake. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934 kwa Kiswahili. Wapo wanaokilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na mimi naona lawama hiyo ina haki. Lakini alifanya jambo ambalo wengi walilikwepa kwa aibu: alitaja jina la baba na jinsi alivyotekwa. Jina hilo Afrika Mashariki nzima tukalisikia redioni kwa Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo, aliyefariki Februari 2025.

Turudi kwenye vitabu vyetu. Kanuni ya 877 inamtaka paroko aandike jina la aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kwa mtu aliyekombolewa, nafasi ya wazazi mara nyingi haina msaada. Usifunge kitabu hapo. Shuka kwa msimamizi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza majina ya wasimamizi yaandikwe kwa sababu ubatizo ulizaa undugu wa kiroho, na undugu huo ulikuwa kizuizi cha ndoa. Kizuizi hicho hakimo tena katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, lakini wakati wa babu zetu kilikuwapo, hivyo paroko alikuwa na sababu ya kuwa makini na jina la msimamizi. Naye msimamizi angeweza kuwa mtu wa lugha moja na mbatizwa, au aliyetekwa pamoja naye.

Kisha soma pambizoni. Kanuni ya 535 inaagiza kipaimara, ndoa na daraja viandikwe hapo. Ndoa ikitajwa kwamba ilifungwa parokia nyingine, umeshapata hatua ya pili ya safari yake. Kanuni hiyohiyo inadai vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Mafrateri wenzangu, siku moja tutakabidhiwa makabati hayo, na mchwa hawajui kanuni.

Tahadhari moja kuhusu kabila. Mtu akiandikwa "Mnyasa", huenda ina maana tu kwamba aliletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Vivyo hivyo "Mtu wa Kilwa": Kilwa ilikuwa bandari ya kuuzia, na waliopita hapo walitoka mbali sana. Mahali alipouzwa mtu pasigeuzwe kuwa kwao.

Nilipokuwa nasoma haya nilikumbuka Ezra sura ya 2. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wanahesabiwa kwa koo, na aya ya 59 hadi 62 inawataja walioshindwa kuthibitisha nyumba za baba zao. Baadhi yao walikuwa wa ukoo wa kikuhani. Walitafuta orodha yao, hawakuiona, wakaondolewa katika ukuhani. Tunaisoma haraka kama orodha ya majina ya kuchosha. Mama yule nilipomsomea alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na hao walikosa nini?"

Kwa ruhusa ya paroko wa misheni moja ya zamani tulipata mstari wa babu yake. Jina: Yosefu. Umri wa kukadiria, wazazi hawajulikani. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye jina la Kikristo na la kwao, na jina lake la kwao mama alilitambua mara moja. Shangazi yake mzee huko Morogoro hulitaja kila wanapofanya matambiko ya ukoo, na hakuna aliyejua ni la nani. Tulimpigia simu palepale. Shangazi akasema huyo ni yule waliyetoka naye kisima kimoja na babu, wakatekwa siku moja. Halafu akataja jina la babu kabla hajaitwa Yosefu, jina ambalo mama hakuwahi kulisikia kwa miaka yake yote. Tulipomuuliza kwa nini hakulisema mapema, akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Wazee wa upande wa pili bado hawajatoa jibu la posa. Novemba, alipoleta bahasha ya nia za misa za marehemu, mama aliomba karani aandike majina yote mawili kwenye mstari mmoja.