Chakula cha Samaki wa Nyumbani: Namna ya Kukinunua, Kukihifadhi na Kutambua Madhara Yake

Katika Kata ya Janga, kama ilivyo Mlandizi, Soga na vijiji vya Kisarawe, zipo kaya zinazofuga perege na kambale kwa ajili ya kitoweo na kipato. Wengine wamechimba bwawa la udongo. Wengine hutumia bwawa la turubai, tangi la plastiki la lita 1,000 au tangi la kioo la samaki wa mapambo. Kwa wote hao, samaki wanapoanza kufa, lawama ya kwanza huelekezwa kwenye maji au kwenye ugonjwa usiojulikana. Somo hili linalenga kumwonesha mfugaji kwamba uchunguzi wake uanzie kwenye chakula: alikinunua wapi, alikihifadhi vipi na anakitoa kwa kiasi gani. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, hivyo anayekosea hapo hupoteza fedha mara mbili.

Mahitaji ya samaki

Vifaranga vya perege huhitaji chakula chenye protini ya takriban asilimia 35 hadi 40. Wanapokua, asilimia 28 hadi 32 huwatosha. Kambale, ambaye kwa asili hula pia wanyama wadogo wa majini, huhitaji protini zaidi ya perege wa umri huohuo. Pumba za mahindi peke yake hazifikii viwango hivyo. Samaki anayelishwa pumba tupu katika tangi lisilo na chakula cha asili hudumaa, na kambale wenye njaa huanza kulana, hasa wanapotofautiana ukubwa.

Protini pekee haitoshi. Perege na kambale hawawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Wakiikosa kwa muda mrefu, uti wa mgongo hupinda na vidonda huchelewa kupona. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki tena. Vitamini hiyo huharibiwa na joto, unyevu na muda. Ndiyo maana mfuko uliokaa juani mbele ya duka huweza kuwa na lebo nzuri na chakula kisichofaa.

Wako pia wanaowalisha kambale utumbo na mabaki mabichi ya samaki kila siku. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na upungufu wake huwafanya walaji wapoteze hamu ya kula na kuogelea bila mizani. Kuchemsha mabaki hayo huondoa nguvu ya kimeng'enya hicho na kuua vimelea vingi. Hata hivyo, mabaki yasiwe mlo pekee.

Kuvu na mafuta yaliyochacha

Mahindi, mashudu na karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Hii ndiyo sumu iliyosababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa samaki, huharibu ini, hupunguza ukuaji na kudhoofisha kinga ya mwili. Kuanika upya chakula kilichoota kuvu au kuchekecha madonge yake hakuondoi sumu. Kisilishwe samaki, kuku wala mnyama mwingine yeyote. Chakula chenye harufu ya mafuta yaliyochacha nacho kisitumike, kwa kuwa huathiri ini la samaki.

Unapokwenda dukani

Tunamshauri mnunuzi azingatie mambo yafuatayo:

1. Chagua mfuko uliofungwa na mtengenezaji, wenye jina lake, kiwango cha protini, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Ukinunua kwa kupimiwa kilo, omba kuoneshwa mfuko wa asili na usome lebo yake kabla ya kulipa.
3. Kataa mfuko uliolowa, uliotobolewa na panya au wenye madonge.
4. Nunua kiasi utakachomaliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kihifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta na jua.
5. Dai risiti, na utenge nusu kilo ya chakula hicho katika chombo kikavu chenye mfuniko. Samaki wakidhurika, sampuli hiyo na risiti ndivyo vitakavyothibitisha dai lako.

Kiasi cha kulisha

Vua samaki wapatao 20, wapime pamoja na utafute uzito wa wastani. Tuseme una perege 500 wenye wastani wa gramu 100. Uzito wao wote ni kilo 50. Kwa asilimia 3 ya uzito huo, watahitaji kilo 1.5 kwa siku, igawanywe asubuhi na jioni. Mfuko wa kilo 20 utatosha takriban siku 13. Vifaranga hula sehemu kubwa zaidi ya uzito wao, hata kufikia asilimia 10. Rudia upimaji kila baada ya wiki mbili.

Chakula kinachobaki baada ya dakika 15 hadi 20 ni dalili kwamba umezidisha. Mabaki huoza, hutumia hewa ya oksijeni na kuzalisha amonia, ambayo ukali wake huongezeka maji yanapokuwa ya moto.

Dalili na hatua za kwanza

Perege wanaotweta juu ya maji alfajiri wamekosa oksijeni. Kambale kupanda juu mara mojamoja si dalili ya ugonjwa, kwani ana kiungo cha kuvutia hewa. Kinachopaswa kukushtua ni kukataa kula, kuelea bila nguvu au kuwa na vidonda.

Uonapo dalili hizo, sitisha kulisha kwa siku moja, ondoa mabaki na samaki waliokufa, kisha badilisha sehemu ya maji, isizidi theluthi moja. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku moja au mbili kwanza. Usimimine vidonge vya binadamu ndani ya maji: mabaki ya dawa humfikia mlaji, na matumizi holela hujenga usugu wa vimelea. Samaki waliokufa wazikwe, wasiuzwe.

Kisha mfikie afisa uvuvi wa halmashauri yako ukiwa na sampuli ya chakula na ya maji. Malalamiko kuhusu bidhaa yenye kasoro yanaweza pia kufikishwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Maswali ya kujipima

1. Kambale 200 wana wastani wa gramu 250. Kwa asilimia 3, watahitaji chakula kiasi gani kwa siku?
2. Kwa nini kuanika mashudu yenye kuvu hakuyafanyi kuwa salama?
3. Mfuko ulioko nyumbani kwako sasa utaisha muda wake lini?