Kicheko Nyuma ya Mlango wa Hema

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 17:15–19, 18:1–15, 21:1–9, 1 Samweli 1:1–8, Mithali 14:13, 26:18, 19, Nehemia 8:1–12, Matendo 12:1–17.

Fungu la kukariri: Mwanzo 21:6. Lisomwe kwa sauti darasani, kisha kila mshiriki alieleze kwa lugha aliyolelewa nayo.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki jina la mtoto hutunza kumbukumbu ya siku aliyozaliwa. Aliyekuja wakati wa dhiki huitwa Shida au Tabu. Aliyengojewa miaka mingi huitwa Subira. Na wapo akina Sikudhani, ambao jina lao linaungama waziwazi kwamba nyumbani hapakuwa na aliyewatarajia.

Ibrahimu na Sara walipata mtoto mwenye jina la aina hiyo, ila hawakulichagua wao. Mungu ndiye aliyelitaja, tena kabla mimba haijatungwa. Isaka maana yake ni "anacheka". Baba alikuwa amecheka aliposikia ahadi. Mama naye angecheka muda si mrefu. Wala hakikuwa kicheko cha furaha. Walicheka kama mtu anavyocheka akiambiwa kwamba bei ya sukari itashuka kesho.

Juma hili litafuata kicheko hicho tangu kilipoanza hadi kilipogeuka. Wako washiriki wengi wanaoketi kanisani wakitabasamu huku ndani wamekata tamaa juu ya jambo fulani waliloliombea muda mrefu, na wanaogopa kwamba Mungu akijua atachukizwa. Habari za Sara ziliandikwa kwa ajili ya watu kama hao.

JUMAPILI: Aliyecheka Kifudifudi

Soma Mwanzo 17:15–19. Ibrahimu alikuwa katika hali gani ya mwili alipocheka, na moyoni mwake alikuwa akifanya hesabu gani?

Ibrahimu alianguka kifudifudi, yaani katika hali ya ibada, na akiwa hapohapo akacheka. Uso ulikuwa chini kwa heshima. Moyo ulikuwa ukipiga hesabu: mwanamume wa miaka 100, mwanamke wa miaka 90. Alikuwa ametoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwanzo 12:4), na sasa ana 99. Miaka 24 ya kungoja si mchezo.

Baada ya kucheka alimpa Mungu pendekezo jepesi zaidi: Ishmaeli yupo tayari, amekwisha kukua, basi abarikiwe yeye. Wengi huomba hivyo. Huanza na ombi kubwa, kisha kwa kumhurumia Mungu, kana kwamba wanamwepusha na aibu, humshushia mzigo. Anayeomba uponyaji huishia kuomba usingizi tu. Mungu alimsikiliza Ibrahimu, akambariki Ishmaeli kweli, lakini ahadi yenyewe hakuipunguza.

Soma sasa Warumi 4:19–21. Paulo anamweleza Ibrahimu kama mtu ambaye hakulegea katika imani. Je, Paulo alisahau kile kicheko? Hakusahau. Alitazama safari nzima, kuanzia Harani hadi mwisho, na ndivyo Mungu alivyoitazama pia.

JUMATATU: Debe la Unga

Soma Mwanzo 18:1–15 polepole, ukitazama kila mtu yuko wapi na anafanya nini.

Ni adhuhuri, jua kali, Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema huko Mamre. Anaona watu watatu. Anapiga mbio kuwalaki, mzee wa karibu miaka 100, na kuwaambia atawaletea kipande cha mkate tu. Kisha anaingia hemani na kumwagiza Sara achukue vipimo vitatu vya unga laini. Kwa makadirio ya wataalamu wengi, vipimo hivyo vilikuwa zaidi kidogo ya lita 20: debe zima la unga, kwa wageni watatu. Juu yake ndama, siagi na maziwa. Wenyeji wa pwani na wa bara wanaufahamu ukarimu huu. "Karibuni chai kidogo" husemwa sebuleni, na jikoni kuku amekwisha kukamatwa. Anayekanda huo unga wa "kipande cha mkate" pia anafahamika.

Basi Sara, ambaye bila shaka mikono yake bado ilikuwa na unga, amesimama nyuma ya mlango wa hema akisikiliza. Mgeni anauliza Sara yuko wapi. Kisha anasema kwamba mwakani, majira kama haya, Sara atakuwa na mwana.

Sara anacheka moyoni. Hakutoa sauti. Anajisemea kwamba amechakaa, na bwana wake naye ni mzee. Maneno haya si ya mtu mwenye dharau. Ni ya mwanamke aliyehesabu miezi kwa miaka mingi mpaka siku ilipofika ambapo hapakuwa tena na cha kuhesabu. Amewaona wengine wakipongezwa. Alimtoa mjakazi wake mwenyewe kwa mumewe ili nyumba ipate mtoto, na mjakazi huyo aliposhika mimba akamdharau (Mwanzo 16:4). Kicheko chake kina miaka mingi ya machozi ndani yake. Mithali 14:13 inakifahamu: moyo waweza kuuma katikati ya kicheko.

Sasa tazama alivyotendewa. Mungu alimuuliza Ibrahimu kwa nini Sara amecheka, na aliporudia maneno yake aliacha sehemu moja. Linganisha aya ya 12 na ya 13. Sara alisema yeye amechakaa na mumewe ni mzee. Mungu alimwambia Ibrahimu lile linalomhusu Sara peke yake. Lile la mume kuwa mzee hakulifikisha. Wasomaji wa Maandiko wamelitazama jambo hili kwa karne nyingi na kutabasamu. Yeye asomaye mioyo alisikia kila neno, naye akachagua lipi la kulipeleka kwa mume na lipi la kuliacha lilale pale jikoni. Amani ya nyumba ile ya wazee wawili ilikuwa na thamani machoni pake.

Kisha lile swali kuu: je, lipo jambo lililo gumu la kumshinda Bwana? Na baada ya swali zito kama hilo, mazungumzo yanaishia mahali ambapo mwandishi mwingine angeona haya kupaishia. Sara anaogopa na kukana: hakucheka. Anajibiwa kwamba sivyo, amecheka. Basi. Hakuna adhabu inayofuata, wala ahadi haikuahirishwa hadi Sara atakapokuwa na imani ya kutosha. Aliambiwa ukweli mbele ya wageni, na mwakani akapata mtoto.

Je, kuna ombi ambalo umeacha kuliomba kwa sauti na sasa unalichekea tu moyoni? Unadhani Mungu analisikiaje?

JUMANNE: Kicheko cha Pili

Soma Mwanzo 21:1–7. Sara anasema nini kuhusu wale watakaosikia habari zake?

Mwana akazaliwa. Na sasa yule aliyekana kwamba hakucheka anatangaza mwenyewe kwamba Mungu amempa kicheko, na kwamba kila asikiaye atacheka pamoja naye. Ni vema kumchukulia neno lake. Bibi wa miaka 90 ananyonyesha, na baba wa mtoto ana miaka 100. Anayesoma sura hii kwa uso uliokunjamana hajampa Sara alichokiomba.

Kuanzia siku hiyo, kila alipomwita mtoto aje kula, Sara alilitamka kosa lake la zamani na furaha yake ya sasa kwa neno moja. Halikuwa tena jambo la kuficha. Mtu aliyesamehewa anaweza kujicheka bila kujidharau, na huo ni uhuru ambao wengi kanisani hawajauonja bado.

JUMATANO: "Natania Tu"

Soma Mwanzo 21:8, 9. 1 Samweli 1:1–8. Mithali 26:18, 19. Kicheko cha mafungu haya kinatofautianaje na kile cha jana?

Katika Mwanzo 21:9, neno la Kiebrania linaloeleza alichofanya mwana wa Hajiri, lile linalotafsiriwa kuwa dhihaka, limetoka katika mzizi uleule wa jina la Isaka. Kicheko kilekile, karamu ileile, na nyumba ikapasuka.

Watanzania wana desturi ya utani, na katika ubora wake ni zawadi. Mtani huja msibani, huigiza mwendo wa marehemu au hudai apewe chochote ndipo mazishi yaendelee, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka. Mtani anajua mpaka wake. Anatania mahali ambapo kicheko kinapunguza maumivu.

Penina hakuwa mtani wa Hana. Alimchokoza mwaka baada ya mwaka, tena njiani kwenda kuabudu, palepale penye jeraha. Na Mithali inamlinganisha anayemdanganya mwenzake kisha kusema alikuwa akitania tu na mwendawazimu anayerusha mienge ya moto.

Haya hayajaisha. Binti wa miaka 35 anaulizwa mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, lini atawalisha pilau ya harusi. Wanandoa wasio na mtoto wanaambiwa kwa kicheko kwamba majirani wamechoka kungoja. Aliyesema amekwisha kusahau kabla ya wimbo wa kufungulia. Aliyeambiwa hasikii hubiri lote, na Sabato ijayo anaona heri achelewe ili apite wakati watu wote wameketi. Kama Mungu aliacha kurudia maneno ambayo yangemuumiza mzee Ibrahimu, watu wake nao wanaweza kuacha utani mmoja usemwe na mwingine, au usisemwe kabisa.

ALHAMISI: Mlango Ambao Haukufunguka

Soma Matendo 12:1–17. Ni malango mangapi yanatajwa, na lipi lilikuwa gumu kufunguka?

Petro analindwa na vikosi vinne vya askari wanne wanne, yaani watu 16. Amelala kati ya wawili, kwa minyororo, na usingizi wake ni mzito kiasi kwamba malaika anampiga ubavuni ili aamke. Kisha anaambiwa ajifunge, avae viatu, ajitwike vazi lake, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Wanapita walinzi. Lango la chuma linafunguka lenyewe.

Halafu Petro anafika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi wamekusanyika wakiomba, na mlango huo haufunguki. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, anafurahi mno, anasahau kufungua na kukimbilia ndani kutoa habari. Waombaji wanamwambia ana wazimu. Anaposisitiza wanasema ni malaika wake. Jibu la maombi linaendelea kubisha hodi nje, usiku, huku ndani mkutano unajadili kama linawezekana.

Luka hakuona aibu kuyaandika haya. Lakini asiyesoma aya ya 2 hatayaelewa vizuri. Siku chache kabla, Herode alikuwa amemuua Yakobo kwa upanga. Watu waliomwambia Roda ana wazimu walikuwa wametoka msibani. Malaika hakwenda kwa Yakobo, na Luka haelezi kwa nini. Hakuna anayeweza kueleza, na mwalimu wa darasa asijaribu. Nyumba ile ilikuwa na machozi ya Yakobo na furaha ya Roda chini ya paa moja. Waliomba kwa imani iliyochoka, nayo ikasikiwa, na mlango ulipofunguliwa hatimaye, wakastaajabu.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Nehemia 8:1–12. Siku ya kwanza ya mwezi wa 7, mbele ya lango la maji, Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. Watu walipoelewa, walilia. Machozi yao yalikuwa ya kweli, hata hivyo viongozi waliwaambia waache kulia, waende wakale vilivyonona na kunywa vilivyo vitamu, kwa kuwa siku ile ilikuwa takatifu. Huenda wako wanaodhani utakatifu hupimwa kwa urefu wa uso. Nehemia hakuwa mmoja wao. Na pamoja na agizo la kula kulikuwa na lingine: wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Furaha iliyoishia katika sufuria za wenye nacho isingekuwa ile Nehemia aliyoisema.

Maswali ya kujadili:

1. Ibrahimu alicheka, Sara alicheka, na Roda aliitwa mwenye wazimu na watu waliokuwa wakiomba. Kwa nini unadhani Biblia haikuyafuta mambo haya? Kanisa lingepoteza nini kama yangefutwa?

2. Utani gani umezoeleka katika kanisa lenu ambao unaweza kuwa unamuumiza mtu aliyemo? Jadilini bila kumtaja mtu yeyote kwa jina.

3. Je, kuna tofauti kati ya furaha ya Sabato na kelele? Darasa lenu lingeichora wapi mipaka, na kwa mafungu yapi?

4. Nani katika eneo lenu hataandaliwa kitu Sabato hii? Kubalianeni, kabla ya darasa kuisha, nani atapeleka chakula na saa ngapi.