Mzazi na Midomo ya Watu

Mama akijifungua, watu humiminika kuja kumwona. Wanampakata mtoto, wanatoa hongera, wanakunywa chai. Wakishatoka nje, maneno yanaanza. "Umemwona alivyokonda? Mumewe hamlishi huyo." Mwingine anasema, "Eti kapasuliwa! Kwani alishindwa kuzaa kama wenzake?" Siku hiyo kila mtu ni hakimu.

Leo tusome habari za mama mmoja aliyehukumiwa namna hiyo. Yeye hakuhukumiwa na majirani kumi, alihukumiwa na watu wa dunia nzima. Jina lake ni Serena Williams, Mmarekani mweusi, mchezaji wa tenisi. Tenisi ni mchezo wa kupiga mpira mdogo juu ya wavu kwa kutumia raketi. Serena alizaliwa mwaka 1981. Baba na mama yake walimfundisha mchezo huo, yeye na dada yake Venus, katika viwanja vya Compton, mji wa jimbo la California. Alipoacha kucheza mwaka 2022, alikuwa ameshinda mara 23, akicheza peke yake, katika yale mashindano manne yanayohesabiwa kuwa makubwa kuliko yote.

Lakini watu walitazama zaidi mwili wake. Ana mikono minene na mapaja yenye misuli. Mwaka 2014 mkuu wa tenisi wa Urusi aliwaita Serena na Venus "akina kaka Williams", yaani kama si wanawake. Chama cha tenisi cha wanawake kilimtoza faini ya dola 25,000 na kumfungia mwaka mmoja. Na ni misuli hiyohiyo iliyompa ushindi! Nani huwacheka ng'ombe wake wa kulimia kwa sababu wana nguvu?

Tarehe 1 Septemba 2017 Serena alijifungua mtoto wa kike. Uchungu ulipokuwa ukiendelea, mapigo ya moyo wa mtoto yalipungua sana, basi madaktari wakampasua mama. Mtoto akatoka salama. Kesho yake Serena akaanza kushindwa kupumua. Alijua mara moja ni nini, maana mwaka 2011 aliwahi kuugua hivyo. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mishipa ya mapafu. Damu ikiganda hapo, hewa haifiki mwilini vizuri, na mtu anaweza kufa upesi.

Akamwambia muuguzi, "Nahitaji kupimwa, nahitaji dawa ya kuzuia damu isigande." Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Serena akang'ang'ania. Kwanza wakampima miguu, hawakuona kitu. Akasema tena, kifua ndicho kipimwe. Walipokipima wakakuta damu imeganda, kama alivyosema. Kisha kukohoa kukafumua mshono wa tumbo, akarudishwa chumba cha upasuaji. Alipotoka hospitali alilala kitandani karibu wiki sita. Habari hizi alizieleza mwenyewe mwaka 2018.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mama huyu alikuwa tajiri, mashuhuri, na yuko katika hospitali ya nchi tajiri. Hata hivyo ilibidi ang'ang'anie ndipo asikilizwe. Je, yule binti mwenye mtoto wa kwanza, anayeogopa hata kumwambia mama mkwe wake kwamba kifua kinabana? Mzazi akipumua kwa shida, akiumwa kifua, mguu wake mmoja ukivimba na kuuma, akitokwa damu nyingi, akiwa na homa, akiumwa sana na kichwa, au akiona giza, apelekwe hospitali mara moja. Tusimwambie ni uchovu wa uzazi tu. Hatari haiishi siku ile ya kujifungua. Yaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye.

Mwezi Mei 2018 Serena alikwenda Ufaransa kucheza. Alivaa vazi jeusi lililombana kutoka juu mpaka miguuni. Alisema linasaidia damu itembee vizuri, na kwamba amelivaa kwa ajili ya akina mama waliopona kwa shida baada ya kujifungua. Miezi michache baadaye mkuu wa tenisi wa Ufaransa akasema vazi kama hilo halitakubaliwa tena, mchezo na mahali lazima viheshimiwe. Yaani vazi la mgonjwa lilihukumiwa kama utovu wa adabu. Wengi walikasirika, ingawa Serena mwenyewe alisema kwa upole kwamba watapatana. Mwezi Desemba mwaka huohuo chama cha tenisi cha wanawake kikabadili kanuni. Suruali za kubana zikaruhusiwa, na anayerudi kutoka uzazi akalindiwa nafasi yake.

Serena alinyonyesha karibu miezi minane. Alikuwa ameambiwa kwamba kunyonyesha hupunguza unene, lakini yeye hakupungua mpaka alipoacha. Hii haina maana kwamba mama aache kunyonyesha! Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka miwili na zaidi. Maana yake ni kwamba miili haifanani. Usimpime mzazi mmoja kwa mwili wa mwingine.

Mwezi Julai 2018 mtoto wake alipiga hatua za kwanza, naye hakuwapo, alikuwa mazoezini. Serena alisema alilia. Wazazi wengi wakamjibu kwamba yaliwapata wao pia. Kumbe maneno ya watu yaweza kuwa dawa vilevile.

Mwaka 2025 alitangaza kwamba ametumia dawa ya kupunguza uzito, akapungua kilo 14 hivi. Mara hii akalaumiwa kwamba amepita njia ya mkato! Alipokuwa mnene alikosea, alipopungua akakosea pia. Haki itendeke lakini: alikuwa akiitangaza kampuni inayouza dawa hiyo, ambayo mumewe aliwekeza fedha zake humo. Kuuliza juu ya biashara hiyo ni halali. Mwili wa mtu ni jambo lingine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kwa nini muuguzi hakumwamini Serena mara ya kwanza? Hapa kijijini, mzazi akizidiwa usiku, nani ana baiskeli, pikipiki au gari la kumpeleka hospitali, na nauli itatoka wapi? Kisha kila mmoja aandike sentensi tano katika daftari lake: siku ulipojifungua, au mkeo alipojifungua, watu walisema nini juu ya mwili wa mzazi, na ni nani aliyeuliza, "Unajisikiaje?"