Nimwambie mwanangu kuwa ana usonji?

SWALI: Mwanangu ana miaka 9. Daktari amethibitisha kuwa ana usonji. Bibi yake anasema tumfiche asije akajidharau. Nifanyeje? – Mama, Ziba, Igunga

JIBU: Mwambie, mama. Shikamoo zangu zimfikie bibi, lakini hapo sikubaliani naye. Mtoto wa umri huo ameshaona kuwa yeye na wenzake hawafanani. Ukikaa kimya, jina atapewa na watoto wa mtaani: zezeta, aliyerogwa. Afadhali alisikie kwako.

Anza na analolijua mwenyewe. Mkitoka mnadani ameziba masikio, mwambie: “Ubongo wako unasikia kelele kwa nguvu kuliko wangu. Hali hiyo inaitwa usonji. Umezaliwa nayo, si kosa lako wala langu.” Kama nyumbani mnaongea Kinyamwezi au Kisukuma, zungumza naye kwa lugha hiyo hiyo. Mazungumzo haya yasiwe ya siku moja. Mweleze kidogo kidogo, na umtajie pia anayoyaweza. Akiuliza kama atapona, usimdanganye: usonji si homa, ila atasaidiwa kujifunza mengi. Na kama haongei, usidhani hasikii. Msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Bibi naye aelezwe: usonji hauletwi na uchawi, chanjo wala malezi mabaya.

Kwa ushauri zaidi, Hospitali ya Nkinga iko humo humo wilayani Igunga, na ile ya Kitete ipo Tabora mjini. Kabla hujamweleza mwalimu, tafadhali mwambie mwanao kwanza.