Konokono wa Mwaloni Hana Sumu

Kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi yuko konokono mwenye gamba zuri la umbo la pia. Humrushia samaki jino lenye sumu kama chusa, na spishi kubwa huweza kuua hata mtu. Dawa ya kuizimua sumu hiyo haijapatikana. Huyo hapa Nkome, kwenye ziwa letu, hayupo, kwani hamudu maji baridi. Wa kwetu ni mdogo, hana sumu, hushikilia magugu ya mwaloni, na kwa kuwa hamchomi mtu, hakuna anayejali. Ndiye abebaye kichocho cha tumbo. Wala hakuzaliwa nacho: tunamtilia sisi.

Kinyesi cha mgonjwa kikifika majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humwingia konokono. Ndani yake kijidudu kimoja huzaa maelfu, nao hutoka, hasa jua likiwa utosini, na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Wapo wanaosema maji yao ni meupe, hivyo ni salama. Lakini vijidudu hivi havionekani kwa macho. Wengine wanatutaka tuwaue konokono wote. Konokono huyu ni dume na jike kwa pamoja, hivyo akisalia mmoja anaweza kuujaza mwalo upya. Kinyesi kisipomfikia, hana cha kuambukiza. Kwa hiyo tunarudia, na tutarudia: usijisaidie ziwani, ufukweni, wala ukiwa mtumbwini usiku kwenye dagaa.

Yapo malalamiko kwamba prazikwanteli, dawa ya kichocho, haifai, maana waliomeza wameugua tena. Dawa inafaa. Huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huponyoka, na haimkingi anayerudi kwenye maji yaleyale kesho yake. Kizunguzungu na kichefuchefu kwa kawaida hupita ndani ya siku moja; kula kwanza kabla ya kumeza. Idadi ya vidonge mhudumu ataijua kwa kukupima urefu. Mjamzito na mwenye kifafa waseme mapema. Kuiacha dawa ndiyo hatari, kwani minyoo huishi miaka mwilini, mayai yake huliharibu ini, na mwishowe mtu huweza kutapika damu. Watoto wa shule tunawapa dawa bure, na hilo tunajivunia. Lakini dawa bila choo haitoshi, na choo cha kambi ya wavuvi ni juu ya mwenye kambi. Maji ya kuogea, kama hayachemshwi, yakae siku mbili ndani ya pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono.